Naomba ushauri: wanafunzi wangu wa Kiitaliano hawaendi pamoja

Mgeni wa Perugia:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaishi Perugia, mji ambao umekuwa ukipokea wageni wanaojifunza Kiitaliano tangu miaka ya 1920, na jioni ninafundisha kikundi cha wanafunzi wa kigeni wanaotaka kuingia chuo kikuu katika kozi zinazofundishwa kwa Kiitaliano. Kozi hizo kwa kawaida hudai kiwango cha B2, yaani cha juu ya kati, kwa hiyo kila mmoja ana haraka. Wakolombia hujibu kabla sijamaliza swali. Wachina waliokuja kupitia mpango wa Marco Polo, unaowaleta Wachina katika vyuo vikuu vya Italia, wanazijua kanuni za sarufi barabara, lakini hawafungui kinywa. Mmisri na Watanzania wako katikati. Nikipunguza mwendo, wa mbele wanatoa simu. Nikiongeza, wengine wananyamaza kabisa. Je, niligawe darasa, ingawa chumba ni kimoja na mwalimu ni mimi peke yangu?

Mdau wa Siena:
Usiligawe. Wepesi wa Wakolombia usikubabaishe, kwani Kihispania na Kiitaliano ni ndugu, na kuelewa unachoambiwa si sawa na kuandika. Wape aya fupi waandike, nawe utaona mtu anayetaka kusema alitoka nyumbani akitumia *salire*, ambalo kwa Kiitaliano ni kupanda, kwa sababu *salir* ya kwao ni kutoka. Basi kazi yao kubwa iwe ya kalamu, na isahihishwe bila huruma. Kwenye konsonanti mbili mambo yanageuka: tofauti ya *nono*, yaani wa tisa, na *nonno*, yaani babu, humpita Mkolombia, ilhali Mmisri aliyezoea shadda, yaani kukazwa kwa konsonanti katika Kiarabu, huisikia mara moja. Siku hiyo mwache Mmisri aongoze zoezi la matamshi. Kila mmoja akipata jambo ambalo yeye ndiye analiweza, hutahitaji vyumba viwili.

Kalamu Nyekundu:
Natofautiana kidogo na mdau hapo juu, kwani kumpa kila mtu zamu ya kung'ara hakutawafanya Wachina waseme. Vitenzi vya Kichina havibadiliki kufuata wakati wala mtendaji, hivyo mwanafunzi anayeulizwa ghafla alifanya nini jana hulazimika kuchagua kati ya *passato prossimo* (tendo lililokamilika) na *imperfetto* (tendo lililokuwa likiendelea), kisha kati ya vitenzi visaidizi *essere* (kuwa) na *avere* (kuwa na), kisha atafute umbo sahihi, huku darasa zima likimkodolea macho. Mpe swali kwenye karatasi, aliandae na mwenzake kwa dakika chache, ndipo aseme. Hili si la kuahirisha, kwa kuwa mitihani ya CELI na CILS, inayopima Kiitaliano cha wageni, yote ina sehemu ya mazungumzo, na umahiri wa sarufi hautamsaidia huko akikaa kimya.

Mgeni wa Perugia:
Nashukuru sana. Na hawa ndugu zetu Watanzania? Nilidhani wangekuwa wepesi, maana irabu zinakaribiana mno, lakini kusoma kwa sauti kunawashinda.

Mwalimu wa Zamani:
Tahajia ndiyo inayowaponza. Mswahili akiona *chiesa* huanza na *ch* ya *chai*, kumbe hapo ni *k*. Na akiona *cinque* huanza na *k* au *s*, kumbe hapo ndipo penye *ch* yake. Waandikie safu mbili ubaoni, *ce, ci* upande mmoja na *che, chi* upande wa pili, wasome kila siku kabla ya somo mpaka wachoke. Jingine ni mkazo: sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo *telefono* huharibika vinywani mwetu, kwani Waitaliano huutia kwenye *le*.

Upatanisho, kwa upande mwingine, hautawasumbua, kwa kuwa anayesema *vitabu vizuri* haoni ajabu kusema *libri belli*. Hata hizo nyakati mbili anazotaja Kalamu Nyekundu wanazo tayari: "nilikuwa nikisoma mwalimu alipoingia" ni *leggevo quando è entrato il professore*, karibu kipande kwa kipande. Hayo waeleze baada ya kipindi, si mbele ya wenzao, kwani ukifungua mlango wa Kiswahili darasani, Wakolombia nao watadai wafafanuliwe kwa Kihispania. Vibainishi, yaani vineno kama *il* na *lo* vinavyotangulia nomino, ndivyo vitakavyowachukua muda mrefu, wao na Wachina pia, kwa sababu lugha zao hazina kitu cha namna hiyo. Anza na *lo studente* (mwanafunzi) na *lo zaino* (begi la mgongoni), vitu wanavyoviona kila siku, kabla ya kuwapa kanuni yoyote.