Tupeane uzoefu: siku Kifaransa cha kazi kilipokuumbua

Dereva wa Mto wa Mbu: Jamani, leo mgeni kamuuliza mwenzangu, "Tu bosses ici depuis longtemps?" yaani umepiga kazi hapa muda mrefu? Nikakumbuka fedheha yangu. Mimi niliwahi kujibu kwa kujiamini kabisa kwamba bosi hayupo hapa, yuko Arusha. Gari zima likaangua kicheko getini Ngorongoro. Kumbe bosser ni kuchapa kazi tu! Chuoni kwa "kufanya kazi" tulipewa travailler, basi. Nyie kiliwaumbua wapi?

Shangazi wa Lille: Hahaha! Mwenzangu kazini alilalamika "ma boîte est nulle", nikadhani usiku anafanya kazi disko. Kumbe anaisema kampuni yetu.

Mchovu: Hapo kwenye boîte tuko wengi.

Mtoto wa Bukavu: Nyie mlichekwa, mimi nilikosa nyumba. Ndiyo nimefika Lyon, natafuta chumba. Mwenye nyumba mama mtu mzima, mpole, kanikaribisha kahawa. Akaniuliza nafanya kazi gani, "Vous faites quoi dans la vie?" Sasa kwetu ukimaliza chuo unaitwa licencié, na hicho ni cheo, mtu anatajiwa hata msibani. Nikajiweka sawa kitini: "Je suis licencié de l'université." Akaweka kikombe chini. "Oh, mon pauvre." Nikashangaa ananihurumia nini. Akauliza lini, nikamjibu 2014, tena kwa furaha, nikaongeza kwamba familia ilichinja mbuzi. Kumbe Ufaransa ukisema licencié wanasikia mtu aliyeachishwa kazi! Mama wa watu anaelewa nimetimuliwa chuo kikuu na ukoo mzima ukafanya sherehe. Katika kujiokoa nikasema siku hizi nina "petit boulot". Hapo nikajizika mwenyewe, maana kule wanataka fiche de paie (hati za mshahara) tatu za mwisho na mkataba wa CDI, yaani ajira ya kudumu, mimi namtajia kibarua. Kahawa sikuimaliza.

Upepo wa Tanganyika: MBUZI 😂😂😂

Mwalimu Ngagara: Msimcheke. Licencié kwa maana ya msomi ni Kifaransa sahihi. Kilichomponza ni hiyo "de l'université". Angesema "licencié en gestion" angeeleweka.

Shangazi wa Lille: Mwalimu, kamusi haipangishi vyumba. Huku unasema "j'ai une licence", nina shahada, yamekwisha.

Mwalimu Ngagara: Licence yao miaka 3, ya Kongo ya zamani miaka 5. Ajishushe kwa ajili ya watu ambao septante, sabini yetu, inawashinda, wanahesabu sitini na kumi?

Shangazi wa Lille: Haya, tumeanza.

Baridi ya Montréal: Mimi nilikuja huku na "un job" yangu ya Ufaransa, wakanisahihisha: "une job". Kazi ni ya kike. Mshahara sijui.

Kinyozi wa Bruxelles: Ushauri wa bure: zote ni "kazi", ila taf na boulot ni za mtaani, za wenzako, bosi mpe travail. Na msiseme "je suis un coiffeur". Ni "je suis coiffeur", hiyo "un" iacheni nyumbani.

Mchovu: Bosi wangu mwenyewe anasema taf.

Kinyozi wa Bruxelles: Yeye si ndiye bosi?

Dereva wa Mto wa Mbu: Bukavu, chumba ulipata lakini?

Mtoto wa Bukavu: Nilipata, mtaa wa pili. Mwenyewe Mreno, Kifaransa chake kama changu. Aliniuliza, "Boulot?" Nikamjibu, "Boulot." Akanipa ufunguo.