Tupeane uzoefu: gemu za kunyata, na pale subira inapoisha

Mwanzisha mada, Kampala

Salaam, wanajukwaa. Naomba tupeane uzoefu kuhusu gemu ambazo mchezaji hutakiwa kupita kimyakimya katikati ya walinzi, lakini bado amepewa silaha iwapo mambo yataharibika. Ni ipi iliyokufanya unyate kwa hiari yako, na si kwa sababu ilikufungia njia nyingine zote?

Naanza mwenyewe. Gemu hizi nilizijulia katika ukumbi wa kulipia kwa saa, pale Wandegeya, ambako karibu kila aliyekuwa kwenye foleni alikuja kucheza mpira. Mtu aliyelipia saa moja hawezi kujibanza nyuma ya kabati akihesabu hatua za mlinzi huku vijana nyuma yake wakimhimiza aachie pedi, kwa hiyo sote tulikuwa tunafyatua risasi hata katika gemu ambazo hazikukusudiwa hivyo. Mambo yalibadilika nilipopata mashine ya nyumbani na kucheza Splinter Cell: Chaos Theory ya mwaka 2005. Gemu hiyo ina kipimo cha mwanga na kingine cha sauti, na hicho cha sauti huonyesha kelele zako pamoja na kelele za mazingira, kiasi kwamba ukiwa karibu na mtambo unaonguruma unaweza kutembea haraka kuliko ukiwa kwenye ukumbi mtulivu. Bunduki ninayo begani, tena nzuri, lakini kusoma vipimo vile kulinipendeza zaidi kuliko kuitumia.

Mchangiaji, Jinja

Ndugu mwanzisha mada, kwangu ni Metal Gear Solid V: The Phantom Pain ya mwaka 2015. Mlinzi akikuona, muda hupungua kasi kwa nukta chache, nawe unapata nafasi ya kumzimisha kabla hajawaita wenzake. Kosa dogo halikumalizii kazi, ila linakutoa jasho.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba maadui hujifunza. Nilikuwa na mazoea ya kuwalenga kichwani kutoka mlimani, na baada ya muda wakaanza kuvaa helmeti. Nikahamia kuvamia usiku, nao wakaja na miwani ya kuonea gizani. Hakuna aliyenikataza kupiga risasi, ila kila mbinu niliyoizoea ilizidi kuwa ghali, nami nikalazimika kuchanganya. Wanaodhani kunyata ni pambo lililoongezwa baadaye wakumbuke kwamba Metal Gear ya kwanza, ya mwaka 1987, ilizaliwa kwa upungufu wa mashine: Hideo Kojima aliagizwa atengeneze gemu ya vita, lakini kompyuta ya MSX2 haikuweza kuonyesha askari na risasi nyingi kwa pamoja, naye akaigeuza kuwa gemu ya kukwepa maadui.

Mchangiaji, Mbale

Mimi nina lalamiko, ndugu zangu, nalo linahusu Dishonored ya mwaka 2012. Unapewa uwezo wa kuita kundi la panya wamle adui, kisha unaambiwa kwamba ukiua watu wengi, mji utajaa panya na wagonjwa wa tauni, na mwisho wa hadithi utakuwa mchungu. Nilicheza kwa usafi hadi mwisho, na nusu ya silaha zangu sikuzigusa. Hiyo ni sawa na kumwandalia mgeni nyama, kisha kumkazia macho kila anapoinua mkono.

Mchangiaji, Arua

Dada wa Mbale, hapo sikubaliani nawe kabisa. Gemu hiyo haidai kwamba usiue hata mmoja; inaangalia wingi. Tena panya kuongezeka palipo na maiti ni jambo la akili, wala silioni kama mahubiri.

Kompyuta yangu ni kuukuu, kwa hiyo nabaki na Thief: The Dark Project ya mwaka 1998, ambayo ilimaliza ubishi huu mapema kwa kumfanya mhusika wake, Garrett, awe dhaifu katika kupigana kwa upanga. Ukikanyaga vigae unasikika, ukipita juu ya zulia husikiki, na mishale ya maji huzima mienge ukutani. Katika kiwango kigumu kuliko vyote, ukiua binadamu umeshindwa papo hapo.

Mchangiaji, Kasese

Mimi niliudhiwa na Deus Ex: Human Revolution ya mwaka 2011. Nilitumia pointi zangu zote katika kudukua kompyuta na kutoonekana, kisha nikafungiwa chumbani na jitu lenye silaha nzito, pasipo mlango wa kutokea wala njia ya kulikwepa. Mapambano hayo yalitengenezwa na kampuni nyingine, na ilionekana wazi kwamba mkono umebadilika. Katika toleo la mwaka 2013 vyumba hivyo vilirekebishwa, vikapata njia za kupenya na mitambo ya kudukua, hata mdukuzi akaweza kushinda kwa ujuzi wake mwenyewe. Wenye toleo la zamani wasihangaike nalo.

Mwanzisha mada, Kampala

Nashukuru, wandugu. Dada wa Mbale, lalamiko lako nalielewa, na naona watengenezaji nao walilisikia, kwa sababu katika Dishonored 2 ya mwaka 2016 unaweza kumrukia mlinzi kutoka juu au kumkaba katikati ya pambano bila kumuua. Ukiicheza, mchague Emily: ana uwezo wa kuwaunganisha maadui kadhaa, ukamchoma mmoja kishale cha usingizi, na wote wakalala pamoja naye.