Tupeane uzoefu: usiku wako wa kwanza juu ya volkano ya Nyiragongo, Goma

Yaya wa Himbi
Jana nilikuwa nahama, nikafungua gunia la viatu vya zamani. Nikakuta boti moja, soli imekatwakatwa kama sombe. Mawe ya Nyiragongo hayo, Agosti 2017. Wadogo zangu wanauliza, siku mlima ukipandika tena wabebe nini. Najibu: maji. Toka Kibati, njia inapoanzia, mpaka juu hakuna kijito wala kisima. Mvua inanyesha utafikiri imelipwa, lakini yale mawe yanaimeza yote. Ni jangwa lenye ukungu. Mimi nilibeba lita mbili za kupanda, kulala na kushuka. Pumziko la tatu nilikuwa nabembeleza kifuniko. Ninyi ilikuwaje?

Mtoto wa Birere
Mimi hata kifuniko hakikubaki.

Chukudu Bila Breki
Mi nilipanda na kandambili. Juu kule iko baridi ya kufa, lakini nilifika.

Yaya wa Himbi
Kandambili, mdogo wangu? Haya. Mlima wenyewe haujui kusema.

Mushi wa Kadutu
Watu wa Goma mnapenda kelele. Kuja Bukavu upande Kahuzi, mita 3,308, msitu safi, hakuna wa kukumwagia moto.

Mtoto wa Birere
Nyiragongo ni 3,470. Toa hesabu, papa.

Fundi Redio
Acheni mita, niwasimulie. 2019, tulikuwa watu wanne. Siku ya kupanga tuligawana kazi vizuri kabisa: huyu chakula, huyu maji, shemeji yangu viazi na sufuria, mimi makala (makaa) na babula, jiko lake. Blanketi, kila mtu alijua ziko kwa mwenzake.

Tukafika saa kumi na moja jioni. Chini kabisa ziwa la moto linachemka, uso unaungua. Mgongoni upepo unapita kwenye koti kama halipo. Dakika ishirini za kupiga picha, halafu mvua. Kila mtu akamwangalia mwenzake: blanketi? Kimya.

Shemeji akasema tuingize babula kibandani. Tukala viazi, tukaziba mlango kwa koti langu. Joto tamu. Mazungumzo yakaanza kupungua yenyewe. Kichwa kinanigonga, nikasema ni urefu wa mlima. Shemeji anakoroma, lakini ule haukuwa mkoromo wake, namfahamu miaka kumi. Nikamwita. Hakuna. Nataka kusimama, miguu si yangu. Nilichokumbuka ni kusukuma mlango kwa kichwa, nikaangukia mawe, mvua usoni. Askari wa parki akasikia, wakaja wawili na wabebaji, wakawavuta wenzangu kwa miguu mmoja mmoja. Shemeji alikaa muda bila kujibu, mimi tayari natunga maneno ya kumwambia dada yangu. Halafu akatapika, akauliza nani amemwaga viazi.

Mama Mboga Virunga
Yesu wangu.

Chukudu Bila Breki
Ile ilikuwa mazuku! Bibi yangu alikuwa anasema, mazuku inachagua mtu.

Mushi wa Kadutu
Mazuku gani kileleni? Mazuku ni hewa nzito, inatoka ardhini na kulala mashimoni, huko kwenu karibu na ziwa Kivu. Usiku bila upepo, asubuhi unakuta mbuzi wamelala hawaamki. Ya makala ni nyingine. Haina harufu, na mlango ukizibwa haihitaji shimo.

Chukudu Bila Breki
Wewe wa Bukavu unanifundisha mazuku?

Fundi Redio
Yuko sawa. Askari aliniambia vilevile, tena kwa matusi.

Mama Mboga Virunga
Basi wadogo wa Yaya waandike: makala yabaki nje. Na kama hata hapa chini wanalala kwenye hema, wasilitie bondeni eti kuna kinga ya upepo. Walitie juu, upepo uwapige.

Lushois Mtulivu
Kwetu Lubumbashi mlima ni ule wa mabaki ya shaba kando ya bomba la moshi, na wenyewe wameupunguza. Mimi nasoma tu. Maji lita ngapi basi?

Mtoto wa Birere
Tano.

Yaya wa Himbi
Tano utaziacha njiani pamoja na mgongo. Tatu, na mbebaji.

Chukudu Bila Breki
Mbebaji wa nini? Moja inatosha, halafu uombe za wengine.

Mtoto wa Birere
Ndiyo maana zangu ziliisha!

Mama Mboga Virunga
Glovu pia, hata za shambani. Ile sehemu ya mwisho unapanda kwa mikono, na mawe yanakata. Nguo za kulalia zifungwe kwenye plastiki, usizivae kabla ya kufika. Jasho likikukauka kule juu utalia.

Yaya wa Himbi
Fundi, nimerudia kusoma. Chakula, maji, viazi, makala. Kweli blanketi hakupewa mtu?

Fundi Redio
Nilipewa mimi. Nilizisahau kwenye teksi Kibati. Shemeji yumo humu, msimtaje.

Shemeji wa Fundi
Nimeona.