Mirabaha ya redio za mtandaoni: tupeane uzoefu wa hesabu

Mwinyi_Ngambo: Wadau wa Unguja na Pemba, tuelekezane. Redio ikiwa na wasikilizaji Marekani, sheria ya kule inadai malipo kwa kila wimbo, kwa kila sikio. Mwaka 2021 bei ilikuwa dola 0.0021 kwa redio isiyotoza ada, na hadi 2025 ilipanda kufuata mfumuko wa bei. Chukueni wastani wa wasikilizaji 50, nyimbo 15 kwa saa, usiku na mchana siku 30: mara 540,000. Dola 1,134. Huo mwezi mmoja tu!

BintiMkunazini: Taarab inatuokoa hapo, yakhe. Wimbo wa dakika 12 unahesabiwa mmoja, sawa na wa dakika 3. Saa nzima nyimbo 5, watu wale wale 50: dola 378. Ila usiku mzima wa msanii mmoja haufai. Ndani ya saa 3 haziruhusiwi zaidi ya nyimbo 4 zake, wala zaidi ya 3 za albamu moja.

Fundi_Wete: Pesa zinavujia kwenye logi ya seva, yaani kumbukumbu ya nani kasikiliza na lini. Mtandao ukikatika, simu inajiunga upya na Icecast, programu ya kurushia redio, inaandika msikilizaji mpya. Mtu mmoja ndani ya wimbo mmoja anageuka watatu. Pangeni logi kwa IP (anwani ya kifaa mtandaoni) na saa, muunganishe zinazofuatana, mtoe roboti, yaani programu zisizo watu. Kisha chujeni kwa nchi: wa Muscat na Mombasa hawamo kwenye bei hii. Na faili lenye jina "track07" halisaidii kitu, ripoti ya malipo inataka msanii, wimbo, na ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi) au albamu na lebo.

Babu_Mkoani: Zamani redio ndogo zililipa asilimia 10 hadi 12 ya mapato. Mpango ule ulikoma mwisho wa 2015. Januari 2016 Live365, mtandao uliobeba redio ndogo nyingi, ikazima matangazo. Sasa kila chaneli ina kima cha chini kwa mwaka, kilikuwa dola 1,000 hadi 2025, ingawa hukatwa kwenye deni lenu. Kwa hiyo msifungue chaneli ya pili kwa ajili ya qaswida, ipeni saa yake kwenye ile ile. Tena SoundExchange, shirika la Marekani linalopokea malipo haya, ni ya rekodi tu. Fungu la mtunzi kule hukusanywa na mashirika kama ASCAP na BMI, na hapa nyumbani leseni ni ya COSOZA, ofisi ya hakimiliki Zanzibar.

BintiMkunazini: Na adhana, babu?

Babu_Mkoani: Ikitoka mubashara msikitini si rekodi, haihesabiwi.