Naomba ushauri: mapigo hupotea na kurejea ninapompima mama presha

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba, na namwangalia mama yangu mwenye presha ya kupanda, ambaye daktari ametaka apimwe nyumbani asubuhi na jioni. Tunatumia kipimo cha mshale, kile cha kujaza upepo kwa mkono, pamoja na chombo cha kusikilizia mapigo.

Mama hutulia kitini dakika 5, mkono wazi umelazwa mezani usawa wa moyo, nami huachia upepo taratibu. Tatizo ni kwamba mapigo huanza kusikika mshale ukiwa karibu na 170, hupotea kwenye 150, kisha hurejea kwenye 135 na kunyamaza kabisa kwenye 90. Nimebadilisha mkono, nimesubiri kidogo na kurudia, na hali ni ile ile. Linanitia hofu, kwani ningejaza upepo hadi 150 tu, ningeandika 135 na daktari angeamini kuwa dawa inafanya kazi.

Je, nambari ya juu ya kuandika ni 170, au ile ya mapigo yaliporejea? Na kwa kuwa mama ana mikono minene na mkanda hufunga kwa tabu, je, yawezekana mkanda huo mdogo unazidisha kipimo, nami nitafute mkubwa zaidi?

Natanguliza shukrani.