Kukuna viazi vya chapati bila mashine ya umeme

Swali: Mpishi wa Kisauni

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Ningependa kupika zile chapati za viazi vibichi vilivyokunwa, ambazo Wajerumani huziita Kartoffelpuffer na Wayahudi huzila katika sikukuu ya Hanukkah, wala si hizi zetu za kuponda viazi vilivyochemshwa na kuvikanda pamoja na unga. Kila maelezo ninayosoma huanza kwa kumwagiza mpishi atie viazi katika mashine ya umeme ya kukatia mboga, ambayo sina na sikusudii kuinunua kwa ajili ya chakula kimoja. Nilivyo navyo ni kikunio cha bati chenye pande nne, blenda ya kawaida na mbuzi ya nazi. Nikitumia matundu madogo ya kikunio, viazi hutoka kama uji wa kijivu, mafuta huruka mno kikaangoni, na chapati hukatika ninapozigeuza. Je, tatizo ni kifaa au ni namna ninavyokitumia? Na je, kuna aliyewahi kukunia viazi kwenye mbuzi?

Jibu: Bi wa Kibokoni

Wa alaikum salaam, mwanangu. Mbuzi iache ikune nazi. Meno yake yametengenezwa kuingia ndani ya kifuu na kukwangua kilichoshikamana nacho, na kifuu hicho ndicho kinachoulinda mkono wako. Kiazi kilichomenywa ni mviringo, kinateleza, na hakina ganda la kushikia, kwa hiyo kitakachokunwa ni vidole.

Kikunio chako kinatosha kabisa, ila geuza upande. Tumia matundu makubwa, yale unayokunia karoti, na ukilaze kiazi ili kipite kwa urefu wake, kwa sababu nyuzi ndefu hushikana zenyewe ilhali vipande vifupi huhitaji unga mwingi wa kuviunganisha. Tandika kitambaa chenye unyevu chini ya kikunio kisiteleze mezani. Kiazi kikibaki kipande kidogo, usikifuate hadi mwisho. Kikate kwa kisu au kitie kwenye mchuzi wa usiku.

Sasa maji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha shida yako kuliko kifaa. Takriban asilimia 80 ya uzito wa kiazi ni maji, na yasipotolewa kabla ya kukaanga yatatoka ndani ya mafuta, chapati ichemke badala ya kukauka. Tia viazi vilivyokunwa katika kifumbu cha kuchujia tui au kipande safi cha leso kuukuu, kisha usokote na kukamua juu ya bakuli kama unavyokamua tui la kwanza, upumzike kidogo, ukamue tena. Usiyamwage maji hayo upesi. Yaache yatulie kwa dakika kama kumi, halafu uyamimine polepole. Chini ya bakuli utakuta tope jeupe, zito, linalong'ang'ania kidole. Huo ni wanga wa kiazi chenyewe. Urudishe kwenye viazi pamoja na yai moja kwa kila nusu kilo, na unga wa ngano kijiko kimoja au viwili tu.

Jibu: Kijana wa Tudor

Kwa heshima zote, Bi, sioni sababu ya kuiacha blenda kando ikiwa nyumba ina watu wengi. Kata viazi vipande vidogo, vifunike kwa maji, bonyeza swichi na kuachia mara chache kwa vipindi vifupi sana, kisha uchuje na kukamua kama ulivyoeleza. Hutapata nyuzi, lakini chapati za draniki za Belarus hupikwa kwa viazi vilivyokunwa laini, na hakuna anayezilalamikia.

Jibu: Bi wa Kibokoni

Sikatai, kijana wangu, lakini hicho ni chakula kingine. Mwenzetu anataka kingo zinazovunjika mdomoni, na kingo hizo hutokana na ncha za nyuzi zinazochomoza pembeni. Blenda huzimaliza zote.

Jibu: Muuza mboga, Kongowea

Kuhusu rangi ya kijivu, dada, hilo halitokani na bati. Kiazi kikikatwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na hewa na kukigeuza rangi, na kadiri unavyokikuna laini ndivyo kinavyobadilika upesi. Ukune kitunguu maji pamoja na viazi, kwa zamu, kwa kuwa utomvu wake huchelewesha mabadiliko hayo, na uweke mafuta jikoni kabla hujamaliza kukamua. Unaponunua, chagua viazi vilivyokomaa, vigumu, vyenye ngozi isiyochubuka kwa kidole. Vile vichanga vya ngozi nyembamba vina maji mengi na wanga kidogo. Ni vitamu vya kuchemsha, lakini kwa kazi hii vitakusumbua.

Jibu: Msomaji wa Likoni

Anayechoka mkono anaweza kufuata njia ya Waswisi wanaopika rösti, chapati yao ya viazi vilivyokunwa: wengi wao huvichemsha viazi na maganda yake bila kuvilainisha sana, huviacha vipoe kabisa, ikiwezekana hadi kesho yake, ndipo huvimenya na kuvikuna. Havitoi maji ya kukamua, wala havigeuki rangi.

Mpishi wa Kisauni

Ahsanteni sana. Nitaanza na matundu makubwa na kifumbu. Bi, naomba unifahamishe jambo moja lililobaki: chumvi itiwe lini, na moto uwe wa kiasi gani?

Jibu: Bi wa Kibokoni

Chumvi itie mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari yamepata moto, kwani huvuta maji kutoka kwenye viazi na kuiharibu kazi yote ya kukamua. Moto uwe wa wastani. Teka kwa kijiko, bonyeza iwe nyembamba kama katlesi iliyolaliwa, na usiiguse mpaka uone kingo zimekuwa za kahawia, kama dakika tatu au nne, ndipo uigeuze mara moja tu. Bakuli likianza kutoa maji tena kati ya duru moja na nyingine, yamwage pembeni kabla ya kuteka.