Impreza mbili za 2006: kilomita 78,000 bila karatasi, au 164,000 yenye risiti?

Kijana wa Section 58
Wadau, naomba ushauri. Nimepata Subaru Impreza WRX STI mbili hapa Nakuru, zote za 2006, zote namba za KB. Ya Lanet inasoma 78,000. Rangi inang'aa, lakini mwenyewe hana hata risiti moja. Anasema aliyemuuzia hakumpa chochote. Ya Milimani imetembea 164,000, na mzee anayeiuza alinitolea mkebe wa biskuti umejaa risiti tangu 2013: oili, plagi, klachi, hadi balbu ya taa ya nyuma. Ya Lanet ni ghali zaidi kwa laki moja na nusu. Kila mwisho wa mwezi nakwenda nyumbani Kisumu kupitia Kericho, kwa hiyo nataka gari la safari. Mke wangu ameipenda ya Lanet.

Fundi wa Kondele
Kaka, piga hesabu kwanza. Gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo ya 2006 iko hapa tangu 2013 au kabla. Tuseme ilishuka Mombasa na 60,000. Unaambiwa imetembea 18,000 tu kwa miaka yote hii? Fungua mlango utazame mpira wa pedali ya klachi na ngozi ya usukani. Odomita hurudishwa nyuma kwa dakika chache, lakini pedali iliyolika hakuna anayeikumbuka.

Halafu injini yenyewe. Nimezifungua nyingi hizi za EJ20 zenye turbo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na zilizokufa mapema nyingi ziliuawa na oili iliyochelewa. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikigeuka tope, turbo inaanza kulia, kisha beringi za konrodi zinafuata. Mtu aliyemwaga oili kila kilomita 5,000 mpaka akafika 164,000 nitamwamini kabla ya huyo asiye na karatasi.

Mama Wawili, Kakamega
Fundi, nakubali, ila karatasi nazo zisomwe. Mimi niliuziwa kitabu cha sevisi kimejaa mihuri. Nyumbani ndipo nilipoona mihuri yote ina wino uleule, na mmoja una tarehe 25 Desemba. Gereji gani ilikuwa wazi siku hiyo? Miezi minne baadaye gasketi ya hedi ikaenda, na yadi iliyoniuzia ikaacha kupokea simu zangu. Ndugu yangu, zipange hizo risiti kwa tarehe. Kilomita zipande bila kurudi nyuma, na ziwe za gereji unayoweza kuifikia ukauliza.

Mzoefu wa Mau Summit
Mimi bado nazitetea kilomita chache, zikiwa za kweli. Risiti haifanyi chuma kilicholika kiwe kipya. Kwa 164,000, bushi za saspensheni, shoka (vizuia mtikisiko) na sinkronaiza za giaboksi (zinazolainisha kubadili gia) zimefanya kazi kubwa, na barabara zetu unazijua. Mwenye ya Lanet akikuonyesha karatasi ya mnada wa Japani yenye kilomita ilizokuja nazo, na hesabu ikakubali, ningemlipa hiyo laki na nusu.

Fundi wa Kondele
Hata zikiwa za kweli, mkanda wa taimingi je, ule unaopatanisha valvu na pistoni? Unabadilishwa kwenye 100,000, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Ya Lanet haijafika 100,000, kwa hiyo huenda ina mkanda uleule wa kiwandani wa 2006. Ukikatika kwenye injini hii, valvu zinagonga pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine.

Kijana, nenda kwa kila mmoja alfajiri, injini ikiwa baridi, mwende gereji mpime mgandamizo wa silinda zote nne. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo namba zitakuwa chini ya zile za kitabu. Usishtuke. Angalia kama silinda zinakaribiana.

Kijana wa Section 58
Nimerudi. Lanet nilifika saa moja kasoro asubuhi, boneti ilikuwa tayari ya moto. Mpira wa pedali ya klachi umelika mpaka chuma kinaonekana upande wa kushoto. Nilipotaja kupima mgandamizo, akasema ana mteja mwingine njiani.

Milimani tulipata mgandamizo wa psi 125, 127, 122 na 126. Mkanda ulibadilishwa 2018 kwenye 101,000, pamoja na tensheneri na pampu ya maji, na fundi wa gereji hiyo aliikumbuka kazi nilipompigia simu. Shoka za nyuma zimechoka, Mzoefu amesema kweli. Kuna pengo moja, Machi 2020 hadi Februari 2021. Mzee anasema gari lilikaa tu wakati wa korona, na kilomita za risiti mbili hizo zimeachana kwa 900 tu. Mke wangu alisoma mkebe mzima akiwa ameketi ngazini kwa mzee.

Fundi, mkanda wa 2018 utafika Kisumu na kurudi, au nibadilishe kwanza?

Fundi wa Kondele
Badilisha kwanza. Usiupande mlima wa Kericho na mkanda wa miaka hiyo.